Saa Niliyoitafuna Kidogo Kidogo

Kama hukulipata gazeti la Jumamosi iliyopita, nitakufupishia aibu yangu, ingawa yenyewe haikubali kufupishwa.

Mimi ni Tahsin, fundi wa meno ya bandia hapa Istanbul. Mchana nawatengenezea watu meno yasiyo yao. Jioni natengeneza saa za kifahari zisizo za kifahari. Kasha nalinunua huku, uso wa saa kule, mashine inatoka China. Nachonga, nasugua, uso naupaka chai ya rangi mpaka uonekane wa zamani. Mwisho inatoka saa ambayo ukiivaa harusini watu wanakupisha njia.

Sijawahi kuuza hata moja. Tuko watatu wenye ugonjwa huu, tunakutana kwenye mgahawa wa chai kule Kadikoy kila Jumamosi, na sheria yetu ni hiyo tu, hakuna kuuza. Wanaouza ni matapeli. Sisi tulikuwa tunajaribu kudanganyana wenyewe kwa wenyewe, bure, kwa raha zetu.

Kabatini kwa mke wangu Nermin, ndani ya kisanduku cha mahameli, ilikuwamo saa moja ya kweli, ya Uswisi. Baba yake alinivisha siku ya uchumba wetu, maana kwetu mwanamume akivishwa pete ya uchumba, nyumba ya binti ndiyo inayompa saa. Niliivaa sikukuu tu.

Sasa siku moja Sadik, mwenzetu mwenye ulimi mkali, akaishika kopi niliyoitengeneza kwa miezi minne akasema, "Tahsin, mishale yako imelala kama vijiti vya kuchokonolea meno." Wakacheka. Mimi nikaenda nyumbani nikaazima mishale ya saa ya baba mkwe. Kwa siku moja tu, nilijiambia. Baadaye nikaazima uso wake. Baadaye, Mungu anisamehe, nikachukua mashine yenyewe. Kila nilipotoa kipande cha kweli nilirudishia cha Kichina, nikafunga, nikairudisha kwenye mahameli. Nilikuwa namtafuna mzee wa watu kidogo kidogo na kufuta mdomo.

Mwisho wake Sadik aliishika kopi yangu, akaweka lenzi jichoni, akaigeuzageuza mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema, "Hii umeleta ya kweli." Wakasimama wote wawili kunipa mkono. Ile ndiyo siku ya furaha kuliko zote maishani mwangu, ukiacha ile aliyozaliwa binti yangu Bedia. Na kuna siku hata hiyo siiachi.

Ndipo Bedia akapata mchumba, Ilhan, na Nermin akatangaza kuwa saa ya baba inakwenda kwa Ilhan Jumapili. Sikuwa na wasiwasi. Kurudisha vipande mahali pake ni kazi ya jioni moja. Alhamisi nikafungua droo yangu ya saa feki. Nikakuta karatasi ya kutandikia na msumari mmoja. Hapo ndipo nilipokuacha.

"Nermin!" nikaita. "Nani kafungua droo yangu?"

"Mimi," akajibu kutoka jikoni, anafungia wali kwenye majani ya mzabibu. "Jumapili wakwe wanakuja. Mama yake Ilhan, yule Bi Handan, ni mwanamke wa kufungua droo za watu. Nimwache akute rundo la saa feki, aseme mwanawe anaoa nyumba ya tapeli?"

"Umezipeleka wapi?"

"Nimempa Durmush, Jumatatu."

Durmush ni mlinzi na msafishaji wa jengo letu. Anakaa chumba cha chini ya ardhi na mkewe, Gulsum, jina nililokuja kulijua baadaye. Anapiga deki ngazi, na kila asubuhi anatundika mkate kwenye kitasa cha mlango wetu.

"Zote?"

"Kumi na moja. Nilimwambia achague yake, nyingine awapelekee ndugu zake huko kwao Tokat. Mbona umepauka? Si wewe mwenyewe unasema ni takataka za kuchezea?"

Ni kweli, nasema hivyo. Nimesema hivyo miaka sita mfululizo ili asije akaziangalia sana.

"Hapana, umefanya vizuri."

"Najua nimefanya vizuri. Hebu onja chumvi."

Nikaonja. Sikusikia ladha yoyote, nikamwambia imekolea.

Nikashuka ngazi kutoka ghorofa ya nne. Durmush nilimkuta ghorofa ya kwanza amepiga magoti, ndoo ya klorini mbele yake, anasuuza tambara. Mkono wa kulia ulikuwa nje. Wa kushoto ulikuwa ndani ya ndoo mpaka karibu na kiwiko. Akautoa kunisalimu, na saa yangu ikatoka nao inachuruzika maji.

"Kaka Tahsin! Mungu akupe maisha marefu. Dada Nermin kaniambia zilikuwa zako. Nimezipanga zote kitandani, nikachagua hii. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Nzito. Zile nyingine zinang'aa kuliko hii, lakini hii ukiivaa mkono unajua umebeba kitu."

Sisi watatu, na lenzi zetu na mizani zetu, tulihitaji Jumamosi ngapi sijui. Yeye alihitaji kitanda na mkono wake.

"Durmush, unapigia deki nayo?"

"Si imeandikwa nyuma haiingii maji? Yule wa duka la simu kanisomea."

Imeandikwa, ndiyo. Niliandika mimi. Nilichora herufi zile kwa kekee ya kuchongea meno, moja moja, siku tatu, nikazilinganisha na picha mpaka zikawa nzuri kuliko za kiwandani. Kuandika niliandika. Kulizuia kasha lisipitishe maji sikuhangaika, kwa sababu katika Jumamosi zetu hakuna aliyewahi kuitumbukiza saa kwenye ndoo.

"Inakwenda?" nikauliza.

"Jana ilikuwa inakwenda. Leo inakwenda ikitaka."

Hapo mtu mwenye haya angemwambia ukweli. Angesema, Durmush, ndani ya saa hiyo mna mali ya baba mkwe wangu, na mwizi ni mimi. Mimi nikainama nikashusha sauti kama daktari.

"Ndugu yangu, saa hiyo ina kitu kibaya. Ile rangi inayong'aa gizani ni sumu, inapita kwenye ngozi. Mimi nilikuwa siivai. Nipe nikaitoe, nitakurudishia ikiwa safi."

Akaivua kama anatoa nyoka mkononi. Na akanishukuru! Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye harufu ya klorini, akasema, "Mwingine angeniacha nife, kaka. Mwingine angejali nini?"

Gulsum akachungulia kutoka chini. "Ni ile ya ghorofa ya nne? Nilijua tu. Jumatatu wametoa, Alhamisi wamefuata."

"Nyamaza wewe, mtu ananiokoa!" Durmush akamfokea. Kisha akaniuliza kwa upole, "Itakuwa tayari lini?"

"Jumamosi," nikasema, na miguu ikanipandisha juu haraka kuliko ilivyonishusha.

Nilipofungua mfuniko wa nyuma, tone la maji ya kahawia likadondokea meza. Nikaweka lenzi. Mishale ilikuwa mizima. Uso ulikuwa na doa moja la unyevu chini ya sita, dogo, la kuvumilika. Lakini mashine ilikuwa imeshika kutu kila palipo na chuma. Gurudumu la mizani, lile linalocheza kwenda na kurudi, lilicheza mara mbili nilipolipulizia, kisha likakataa. Mashine imekwenda miaka arobaini bila kulalamika. Mimi nimeizamisha kwa siku tatu, kwa sababu ya herufi zangu nzuri.

Nikampigia simu Sadik.

"Sadik, nina mashine imeingia maji, imekamatwa na kutu."

"Ya kopi? Tupa. Agiza nyingine."

"Ya kweli."

"Ya kweli ilikuwa inafanya nini ndani ya kopi?"

Nikamsikia anaweka glasi ya chai kwenye kisahani.

"Subiri. Ile saa tuliyokusimamia?"

"Ndiyo, Sadik."

"Uso?"

"Wa kweli."

"Mishale? Maana niliisifu mishale ile mpaka kwa mke wangu."

"Ya kweli."

"Basi wewe hukutengeneza kitu. Ulituletea saa ya kweli kwenye koti la kopi, ukatuacha tukusimamie. Tahsin, wewe ni mwongo."

Sijui kama umewahi kuitwa mwongo na mtu ambaye kazi yake ya mapumziko ni kutengeneza saa feki. Hukumu hiyo haina pa kukatia rufaa. Nilimwomba anisaidie hata hivyo. Akasema kuitengeneza ni miezi, vipuri vyake havipatikani kirahisi, na huenda isipone kabisa. Halafu akasema Jumamosi nisije, akakata simu.

Ikabaki njia moja. Nikachukua mashine ya Kichina, nikaisugua mpaka ikaukubali uso wa kweli na mishale ya kweli, nikaitia yote ndani ya kasha la kweli. Nje halali, uso halali, moyo tu ndio wa bandia. Nani atafungua saa ya mchumba sebuleni mbele za watu? Ile mashine ya kutu niliifunga kwa pamba ndani ya kijaluba cha plastiki cha kuwekea magego, nikaitia mfuko wa koti langu la Jumapili. Droo sikuiamini tena.

Jumamosi Durmush hakupata saa yake. Nilitoka kwa ngazi za nyuma.

Siku hiyo hiyo Nermin alikuwa anapiga pasi, kisanduku cha mahameli kiko kitandani pembeni yake, hajakifungua.

"Unajua, nakushukuru," akasema. "Wewe kwa wazimu wako wa saa, ningetegemea ungeifungua. Miaka yote hii hukuifungua."

Nikafungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua.

"Nivae shati la bluu au jeupe?" nikauliza.

"Jeupe," akasema.

Jumapili baada ya adhuhuri wakafika. Ilhan na maua, Bi Handan na chokoleti kwenye sinia la fedha, na babu yake Ilhan, Mzee Sabri, mwembamba, mcheshi, ambaye ndiye angesema maneno ya posa. Bedia akaleta kahawa. Ya Ilhan ilitiwa chumvi, kama desturi yetu ya kumpima mchumba, na mwanangu alikuwa na mkono mzito siku hiyo. Ilhan akainywa mpaka tone la mwisho, macho yanamtoka machozi, akasema, "Mikono yako ibarikiwe, sijawahi kunywa kahawa tamu hivi." Tukacheka. Nikampenda, na kumpenda kukanizidishia adhabu.

Viti vilikuwa havitoshi. Nermin akamtuma Durmush aazime kwa majirani wa mlango wa sita.

Mzee Sabri akajiweka sawa. "Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, tumekuja kumwomba binti yenu Bedia kwa kijana wetu Ilhan."

"Wameshakubaliana wenyewe," nikajibu, "sisi wazee kazi yetu ni kuinywa hiyo kahawa na kuwaombea kheri."

Wakavishwa pete mbili zilizofungwa kwa utepe mmoja mwekundu. Mzee Sabri akachukua mkasi, akajaribu, akakunja uso. "Jamani, mkasi huu haukati! Nyumba ya fundi, mkasi butu?" Kila mtu anaujua mchezo huo. Nikaweka noti kwenye sinia, mkasi ukapata makali ghafla, utepe ukakatika, watu wakapiga makofi na vigelegele.

Katikati ya vicheko vile Durmush akaingia na viti viwili. Alikuwa amevaa shati safi, nywele amezilowesha na kuzichana. Furaha ya nyumba ikampata naye.

"Hongera, kaka Tahsin! Hongera, dada!" akasema kwa sauti. "Na saa yangu, kaka, imeshatoka sumu?"

Makofi yakakoma.

"Sumu?" Bi Handan akageuza shingo. "Saa gani tena yenye sumu?"

Wote wakanitazama. Ilhan alikuwa bado anatabasamu, anadhani ni mzaha mwingine kama wa mkasi.

"Saa gani, Durmush?" nikasema.

"Ile, kaka. Niliyokupa Alhamisi pale kwenye ngazi."

"Umechanganya mambo. Mimi sijachukua saa yoyote kwako."

Akanitazama. Akautazama mkono wake wa kushoto, mtupu. Akawatazama wageni, halafu mke wangu, halafu akainamisha kichwa.

"Basi labda nimekosea mimi," akasema. "Samahanini, wageni."

Akakiweka kiti kimoja chini taratibu, miguu yake isije ikakwaruza sakafu yangu. Kile kingine akabaki nacho mkononi pale mlangoni, hajui akilete au aondoke nacho.

Ile saa Nermin aliitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akamkabidhi Durmush. Aliniangalia kidogo tu. Kisha, kwa kuwa wageni ni wageni, akasimama akaenda chumbani, akarudi na kisanduku cha mahameli.

"Ilhan mwanangu," akasema, "hii ni ya baba yangu. Mnajua alikuwa nani huko Uswisi? Watu wanadhani alikuwa fundi. Alifagia kiwanda cha saa miaka tisa. Hakuwahi kukaa kwenye meza ya mafundi hata siku moja. Mwaka wa kwanza akajinyima, akanunua moja."

Mzee Sabri akatikisa kichwa kwa heshima. Durmush pale mlangoni aliinua uso.

"Kila kiangazi alikuwa anakuja likizo," Nermin akaendelea. "Mimi mdogo, silali. Naogopa nikilala nitaamka ameshaondoka. Basi ananiwekea saa hii sikioni, ananiambia, ukiisikia jua mimi nipo. Ilikuwa inakwenda polepole. Mpaka leo nikifumba macho naijua. Tangu tumzike, miaka saba, sijaiweka sikioni. Nilikuwa naogopa. Leo nataka nimsikie mara moja, halafu nakupa."

Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na saba. Ndani ya saa ile najua kuna vito vingapi, najua kila skrubu imekaa upande gani, najua hata alama ya kucha ya fundi aliyeifunga. Hilo la sikio sikulijua. Sikuwahi kuuliza.

Na wewe msomaji huenda hujui, basi nikuambie. Mashine ya zamani kama ile hutembea. Ya Kichina hukimbia, mbio mbio, kama kuku anayedonoa punje.

Nermin akaiweka sikioni. Akafumba macho, akatabasamu. Tabasamu likabaki pale pale muda mrefu mno. Akafumbua macho. Akaitikisa kidogo, akaihamishia sikio la pili.

"Mama?" Bedia akaita.

"Haijajazwa ufunguo," Nermin akasema, sauti kavu. "Samahanini kidogo. Tahsin, njoo jikoni unifungulie chupa."

Jikoni akafunga mlango, akafungua bomba maji yamwagike wageni wasisikie. Akanisogelea, akaniwekea saa sikioni kwa nguvu mpaka ikaniumiza.

"Sikiliza."

"Nermin, ngoja nikueleze..."

"Nimesema sikiliza. Inafanya nini?"

"Inakwenda mbio."

"Baba yangu hakuwahi kuwa na haraka. Yuko wapi?"

Nikakosa pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye sinki.

"Saa anayoidai Durmush," akasema, anakusanya mambo taratibu. "Niliyompa mimi. Uliifuata mwenyewe mpaka kwenye ngazi. Wewe usiyejua hata jina la mkewe. Uliifuata ya nini, takataka ile?"

Nikatia mkono mfukoni nikatoa kile kijaluba cha magego. Akakifungua. Akaifunua pamba. Alipoiona ile mashine na kutu yake hakupiga kelele. Aliiinua na pamba yake, akaiweka sikioni, akasubiri. Maji yalikuwa yanamwagika na yeye anasubiri.

"Nimemtupa mimi?" akauliza. "Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Angenitukana ningestahimili.

"Hapana. Ni mimi," nikasema. Nikamwambia yote, bomba likiwa wazi: mishale, uso, mashine, vipande vya Kichina ndani ya mahameli yake, herufi za uongo, ndoo, sumu. Niliongea haraka kama saa yenyewe.

"Kwa ajili ya nini, Tahsin? Uliiuza?"

"Sikuuza."

"Mtu alikutishia?"

"Hapana."

"Basi kwa ajili ya nini?"

Jibu lilikuwa moja. Nililitafutia nguo ya kulivika nikaikosa.

"Ili Sadik aseme ni ya kweli."

Akarudia pole pole, kana kwamba nimesema kwa lugha ya kigeni. "Ili Sadik aseme ni ya kweli." Kisha akafunga bomba.

Sebuleni Mzee Sabri akapaza sauti, "Jamani, saa inajazwa au ndiyo inatengenezwa?" Watu wakacheka. Nikamsikia na Bedia akicheka, kicheko chake cha woga, ninachokijua tangu yuko darasa la kwanza.

Nermin akairudisha saa kwenye kisanduku. Juu yake akakilaza kijaluba cha magego, kikatosha kwa shida, mfuniko haukufunga vizuri. Akaniwekea mikononi.

"Kuna mtu mlangoni umemwita mwongo ndani ya nyumba yangu," akasema. "Utaanza na yeye. Mbele yao wote. Ukimaliza, utamwambia Ilhan."

"Nermin, watavunja uchumba. Yule mama yake unamjua. Watasema nyumba ya tapeli, ulisema mwenyewe."

"Huenda wakasema."

"Na Bedia?"

"Bedia anasubiri kuona baba yake ni mtu gani. Mimi nilisubiri miaka ishirini na saba. Yeye tusimcheleweshe."

"Nipe hata wiki moja. Naweza kuitengeneza. Nikipata vipuri..."

Akanifungulia mlango wa jikoni mwenyewe, akasimama nyuma yangu. Sikuwa na njia nyingine ya kutokea, jiko letu lina mlango mmoja.

Nikaingia sebuleni. Ilhan alikuwa ameshakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, ameunyoosha juu ya meza karibu na vipande vya utepe mwekundu, ananisubiri kwa tabasamu. Bi Handan alikuwa anakitazama kisanduku kisichofunga. Bedia hakuwa anatazama kisanduku, alikuwa ananitazama mimi. Na Durmush alikuwa pale pale mlangoni na kile kiti chake cha pili. Aliponiona naelekea upande wake akakivuta kifuani ili anipishe njia.

Nikasimama mbele yake. Nikainua mfuniko wa kisanduku.

"Durmush," nikasema.

"Naam, kaka Tahsin," akajibu upesi, kwa heshima ile ile ya kila asubuhi.